Panzi Aingia Ngomani

Masunga alikuwa ameshindwa miaka mitatu mfululizo, na kushindwa katika ngoma za Kisukuma si kushindwa kwa kificho. Pale kijijini Litapunga, kila Sabasaba, vyama viwili vya ngoma, Wagika wa Masunga na Wagalu wa Machibya, hucheza saa ileile katika uwanja uleule, kila kundi upande wake, na watu huenda wanakovutwa. Hakuna jaji wala karatasi. Ikifika saa kumi jioni mwenyekiti wa kijiji hupuliza filimbi, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mwaka wa kwanza Machibya alileta chatu aliyevishwa shanga. Mwaka wa pili aliingia uwanjani juu ya ndege ya mbao yenye magurudumu ya baiskeli. Mwaka wa tatu alileta fisi, fisi mzima wa porini, kafungwa kamba, na watu wakamkimbia Masunga hadi akabaki anamwimbia mama mkwe wake peke yake, ambaye naye alibaki kwa sababu mguu ulikuwa unamuuma.

Mwaka wa nne, wa tisini na sita, mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu Masunga ana mdomo. Kwenye pombe ya mavuno alitamka mbele ya watu kwamba akishindwa tena atamkabidhi Machibya ngoma ya marehemu baba yake, ile ngoma kubwa iliyotoka nao Usukumani juu ya mkokoteni, nyuma ya ng'ombe. Maneno yalipomtoka alitamani ayameze, lakini Machibya alikuwa amekwisha kuita mashahidi. Ng'washi, mke wake, aliambiwa siku ileile. Alikwenda kwenye kiduka chake akaanza kupanga upya paketi za chumvi, moja baada ya nyingine, na Masunga akajua amekasirikiwa vibaya sana.

Siku tisa kabla ya Sabasaba ikaja Land Rover kutoka Mpanda mjini. Ndani yake alikuwamo Bwana Respicius, mpima madini, kijana wa Kipimbwe aliyesoma mpaka akavaa miwani, pamoja na kipaza sauti na kisanduku cha njano chenye mkono mrefu kama wa sufuria. Mwenyekiti aliitisha mkutano. Respicius akaeleza kwamba chini ya kilima Nundu, pale wanapochungia, huenda kuna urani, madini ambayo nchi nyingine huyatumia kuchemsha maji, na mvuke wake ukazungusha mitambo ya umeme. Kipande chake kimoja kilichotengenezwa vizuri, alisema, ukubwa wa ncha ya kidole, hufanya kazi ya tani nzima ya makaa ya mawe.

"Jiwe lichemshe maji bila kuni?" akauliza mzee Yotham.

"Ndiyo, mzee."

"Sasa wanawake watafanya kazi gani?"

"Watapumzika!" akajibu mwanamke mmoja huko nyuma, na mkutano ukavunjika mbavu.

Kisha mtu mwingine akauliza kama huo umeme utafika Litapunga. Respicius alikohoa. Akasema ukweli, na hapo ndipo Masunga alianza kumpenda: mtambo hautajengwa leo wala kesho, wala hapa. Yeye ametumwa kuomba ruhusa ya kuchimba mashimo ya kupima, basi. Aliwasha kile kisanduku ili wakisikie kikipima mionzi. Tik. Tik-tik. Tik. Watu wote walijisogeza mbele kwa pamoja, hata wenye viti. Mtu akasema ni panzi, na jina likakwama hapohapo.

"Hata hapa tulipo mionzi ipo kidogo," Respicius alisema. "Ipo ardhini, ipo hewani. Haina neno. Panzi akianza kupiga kelele, hapo ndipo tunauliza maswali."

Wenzake waliona kisanduku. Masunga aliona watu wakisogea. Usingizi haukumjia siku hiyo, na alfajiri alikuwa mlangoni pa Respicius, kwenye ofisi ya kijiji, kabla kijana wa watu hajanawa uso.

"Mwanangu, jibu lako hulipati kabla ya Sabasaba. Hapa hakuna mtu mwenye akili timamu mpaka ngoma ipite."

"Nimeliona hilo," alisema Respicius kwa huzuni.

"Nipe Panzi acheze na mimi. Nikishinda, uwanja mzima ni wangu. Ninachoimba wanaitikia. Nitaimba 'Nundu tuichimbe', wataitikia 'tuichimbe', na mwenyekiti atakupigia muhuri wako."

Respicius alifikiri, akavua miwani, akaifuta. Panzi hatashikwa na mtu mwingine, akasema. Hayo tu.

Sabasaba ikafika na jua lake. Machibya alitokea juu ya ng'ombe dume aliyepakwa rangi nyekundu na nyeupe, akimpigia saluti kila mtu, fisi wake nyuma akiwa kavaa kofia. Watu walipagawa. Masunga kwa upande wake alisimamisha Land Rover, akafunga spika ya kipaza sauti juu, maikrofoni yake ikawekwa mdomoni pa Panzi. Tik, ikasema spika. Watu mia mbili wakaja mbio. Walipanga foleni wapimwe: jembe, rozari, meno ya bandia ya mzee mmoja, bwana harusi mmoja aliyesukumwa mbele na wakweze. Kwa kila mmoja Panzi alisema neno lilelile. Tik. Tik-tik. Tik.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza bwana harusi.

"Ndiyo hivyo tu," alisema Respicius, ambaye hajui kudanganya hata pale uongo unapohitajika.

Foleni ikaanza kuliwa kutoka nyuma. Kule ng'ambo Machibya alikuwa anambusu fisi. Kufika saa tisa Masunga alikuwa amebaki na watu thelathini, na miongoni mwao alimwona mama mkwe wake akijaribu kusimama avuke naye. Aliitazama ngoma ya baba yake, ngozi yake iliyong'aa kwa viganja vya watu waliokufa, akaona aibu mpaka masikioni. Alimwita Ng'washi alete taa ya karabai kutoka dukani, wawashe mchana kweupe, angalau watu wacheke.

Ng'washi alikuja na karabai mkono mmoja, na mkono wa pili katoni ya soksi zake, zile soksi nyeupe laini zinazofungwa ndani ya taa ili ziwake. Alipita mbele ya Panzi.

Krrrrrrrrrrr!

Spika ilinguruma. Fisi wa Machibya alikaa chini. Ng'washi alishtuka akaruka nyuma, na mlio ukapungua: krr, tik-tik, tik. Akatazama katoni. Akasogea tena hatua moja, taratibu, kama mtu anayemnyatia kuku. Tik-tik-tik-krrrr!

"Ni hizo soksi!" Respicius alipiga kelele kwa furaha, miwani imemponyoka. "Wengine huzitengeneza kwa madini yenye mionzi! Zikiwa kwenye paketi msiogope, ila ikikatika msivute vumbi lake!"

Hakuna aliyekuwa anaogopa. Masunga aliruka kwenye ngoma ya baba yake. Ng'washi alisogea, Panzi akaharakisha, na Masunga akaharakisha naye; Ng'washi alirudi nyuma, Panzi akapoa, wapigaji wote wakapoa. Akazunguka. Akainama. Akapeleka katoni mbele kwa kutikisa bega, kushoto, kulia, na uwanja mzima ukatetemeka kwa kufuata mkono wa mwanamke mmoja muuza chumvi. Watu walivuka mbio, vumbi likasimama. Walivuka wenye watoto mgongoni, akavuka mama mkwe na mguu wake, wakavuka wapigaji watatu wa Machibya na vijiti vyao mkononi. Filimbi ilipolia, Machibya alikuwa na fisi na dume, na dume lenyewe lilikuwa linatazama huku.

Masunga alilia wazi bila kujificha. Alibebwa, akamwagiwa maji, akatua chini akakumbuka ahadi. Respicius alikuwa amesimama na karatasi yake. Ahadi ni ahadi. Masunga akainua mkono, watu wakatulia, akaimba:

"Nundu jamani, tuichimbe?"

Kwa desturi anayeanza kuitikia ni Ng'washi, na wengine humfuata. Alikuwa bado na katoni kifuani, jasho likimtiririka. Hakuimba "tuichimbe". Alimtazama Respicius, akaimba polepole:

"Soksi ya kiganjani imenguruma hivi. Vumbi la kilima litakwenda wapi?"

Kisha sauti mia nne zikaitikia pamoja, kwa raha, ngoma zikaingia chini yake:

"Vumbi la kilima litakwenda wapi?"

"Na maji ya kisima, nani atayapima?"

"Nani atayapima?"

Masunga alijaribu kurudisha wimbo wake mara mbili. Hakuna aliyemsikia, na mara ya tatu alijikuta naye anaitikia, maana wimbo ulikuwa mtamu kuliko wake. Walimvuta Respicius katikati, wakamchezesha mpaka shati likatoka kwenye suruali. Alipoachiwa aliketi juu ya sanduku la kubebea Panzi akihema, akafungua daftari.

"Utawaambia nini wakubwa wako, mwanangu?" Masunga aliuliza kwa soni.

"Nitawaambia hakuna shimo mpaka tulete majibu ya maswali haya." Alikuwa anaandika na kucheka. "Mama, hebu rudia. Vumbi, halafu maji. La tatu lilikuwa nini?"

"La tatu bado natunga," alisema Ng'washi.

Asubuhi yake, Masunga akiwa anaifuta ngoma ya baba yake mlangoni, Machibya alikuja kwa miguu, bila saluti. Masunga alijitayarisha kusikia hongera. Machibya alimpita, akasimama mbele ya kiduka, akavua kofia. Kwapani alikuwa na paketi kumi na mbili za soksi za karabai, alizozifuata usiku kwa baiskeli hadi Makanyagio, Mpanda mjini, na kurudi.

"Shemeji," alisema, "Wagalu wamenituma. Njoo utuimbishe mwakani. Fisi nimemwachia jana ileile."

Ng'washi alimtazama mumewe kwa jicho la pembeni. "Baba Kulwa, unasemaje?"

Masunga, mwenye mdomo wake, aliacha kuifuta ngoma. Aliona tena akilini jinsi watu walivyovuka uwanja, na kwa mara ya kwanza akakumbuka walikuwa wanamtazama nani. Akacheka mpaka ngoma ikamteleza magotini.

"Mimi hapa ni mpiga ngoma tu," alisema. "Kiongozi wa Wagika ni huyo. Muulize mwenyewe."