Turubai la Mgeni Rasmi

3.
(Namba moja na namba mbili zilibandikwa mlangoni pa ofisi ya kijiji. Upepo umeondoka nazo.)

TANGAZO
Uzinduzi wa kisima cha umeme wa jua umeahirishwa tena. Mgeni rasmi ana majukumu ya kitaifa. Kisima kisitumike kabla ya utepe kukatwa. Paneli zibaki zimefunikwa zisishike vumbi. Kwaya iendelee na mazoezi.

4.
Umesoma vizuri. Paneli za jua zimefunikwa turubai. Usicheke, msomaji. Bibi Sechelela alicheka siku ya kwanza, halafu akaacha.

5.
Yeye ndiye mwanzishaji wa wimbo. *Maji yamefika*, anaanza, na wenzake wanaitikia *yamefika* kwa midomo iliyopasuka. Lambo limekauka. Ng'ombe wake wamekwisha, amebaki Madoa peke yake, na maziwa ya Madoa ndiyo yanayomlea mjukuu aliyeachwa na marehemu binti yake.

6.
Yaliyosikika mazoezini:

— Akikuta kimeshafunguliwa, atazindua nini?
— Kijiji cha pili walifungua chao wenyewe. Barabara waliyoahidiwa hawajaiona hadi leo.
— Mvumilivu hula mbivu.
— Mbivu za

7.
Asubuhi Madoa hakuinuka.

8.
Sechelela alimwendea Mwenyekiti Chilongani, akamwomba ndoo moja tu. Mwenyekiti si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Alimpa pole, akamweleza kwamba hata mbuzi wake yeye wanakufa.

"Mama, tumesubiri mno," alisema. "Tukiharibu sasa, tutakuwa tumesubiri bure."

9.
Jua la saa saba. Kisu cha jikoni mkononi mwa Sechelela. Kamba za katani.

Turubai likaanguka.

Fundi alikuwa ameiacha swichi imewashwa. Kilichokosekana ni jua tu. Kitu kikaanza kunguruma chini kwa chini, bomba likakohoa, likatema kutu, halafu

10.

maji.

11.
Watu walikuja mbio na ndoo. Walikunywa, wakawanywesha watoto, na hakuna aliyeimba. Walipotosheka wakatazamana, hofu ikawaingia.

Mwenyekiti hakuwepo. Mgambo hakuwepo. Wenyewe waliliokota turubai, wakafuta alama za vidole kwenye vioo, wakakaza kamba kwa mafundo magumu kuliko ya kwanza. Mngurumo ukakatika. Mama mmoja alimkumbusha Sechelela, kwa upole kabisa, kwamba mazoezi ni saa kumi.

12.
Sechelela alikipakata kichwa cha Madoa, akamtilia maji mdomoni. Yakatoka upande wa pili, yakanywewa na vumbi.

Akamtilia tena.

"Kunywa, mama," alimwambia ng'ombe. "Mtoto hajala."

Ndani, mjukuu alianza kulia.

Kule kisimani kwaya imeshajipanga mbele ya turubai. Wanamsubiri yeye aanze.