Wateja Kumi na Mmoja wa Mashine ya Kwanza

Shamsia alikuwa amekwisha kuwasha mashine ya leza na kumvisha mteja miwani ya kukinga macho, ndipo mteja mwenyewe, msichana muuza viatu aitwaye Maurine, akauliza, "Na baada ya miaka kumi, ngozi yangu itakuwaje?"

Swali hilo Shamsia alikuwa ameulizwa mara nyingi, na jibu lake lilikuwa moja: hakuna shida, ni mwanga tu. Siku hiyo hakulitoa. Kwa miaka saba, katika chumba chake cha urembo juu ya duka la dawa mjini Kakamega, alikuwa amewaondolea wanawake ndevu za kidevuni. Aliyeridhika hakurudi. Asiyeridhika naye hakurudi. Sasa angewajuaje walioumia?

"Sijui," akasema, akaizima mashine.

Maurine akavua miwani. "Hujui, na ulikuwa unataka kuniwekea usoni?"

"Nipe wiki tatu nitafute jibu."

Msichana aliposhuka ngazi, Shamsia alifungua kabati na kutoa boksi la kadi za zamani. Hakuhitaji kuzipekua zote. Zilizomsumbua roho zilikuwa kumi na moja, za mwaka wa kwanza, alipokuwa akitumia mashine aliyoinunua kuukuu kwa mtu wa Nairobi. Baadaye kwenye mafunzo aliambiwa kwamba mashine ya aina ile ilitengenezewa watu weupe. Kwenye ngozi nyeusi, mwanga wake hukamatwa na weusi wa ngozi kabla haujafika kwenye mzizi wa nywele, na ngozi inaungua. Aliiuza kama chuma chakavu juma lilelile, akanunua nyingine iliyofaa. Wale kumi na mmoja hakuwapigia simu. Alijiambia kwamba kama wangeumia wangesema.

Sasa aliwapigia. Namba nne hazikupatikana. Wanawake sita walisema wako salama, mmoja akicheka kwamba ndevu zimerudi na marafiki zao. Wa kumi na moja, Mwalimu Naliaka wa Malinya, alipokea, na Shamsia akajitaja jina.

"Mwalimu, nilitaka kujua ngozi yako inaendeleaje."

"Kama unataka kujua, njoo uone," akasema Naliaka, akakata.

Jumamosi Shamsia alikwenda. Naliaka alimpokea kwa heshima yote, akamkaribisha kiti, akamtilia chai, ndipo akafungua kitambaa alichokuwa amejifunga hadi chini ya mdomo. Kidevu chake kilikuwa na mabaka meupe matatu, na lile kubwa lilikuwa limeshuka hadi shingoni. Pembeni yake ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi zaidi ya uso wote. Shamsia aliweka kikombe chini.

"Yalianza lini?"

"Wiki ile ile. Ulinipaka mafuta ukaniambia ni joto la siku tatu. Siku tatu hizo zimekuwa miaka saba."

"Kwa nini hukurudi?"

"Nirudi niseme nini? Mimi ni mwalimu, na kanisani ni kiongozi wa akina mama. Niseme nilienda kutolewa ndevu na mashine, halafu mashine ikaniunguza? Nyumbani nilisema nimerukiwa na mafuta nikikaanga mandazi."

Wakati huo mumewe, Mzee Patroba, aliingia akipangusa udongo wa shambani mikononi. Akamsalimia mgeni, kisha akamwona mkewe yuko wazi kidevu mbele ya mtu, jambo ambalo hakulizoea.

"Huyu mgeni wetu ni nani?"

Naliaka alivuta pumzi. "Huyu ndiye yale mafuta ya mandazi."

Ilibidi aeleze mara mbili. Patroba alikaa chini. Aliwatazama wanawake wale wawili, mmoja baada ya mwingine, na Shamsia akajiandaa kufukuzwa.

"Yaani miaka saba," mzee akasema polepole, "nimekataza mtu kukaanga mandazi katika nyumba hii. Watoto wamemaliza shule wakikula viazi. Kumbe?"

Naliaka alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Na yalipotoka hayakuwa ya kicheko tena. Patroba alisogeza kiti chake karibu na wake. Shamsia aliinamisha kichwa.

"Mwalimu, kosa ni langu," alisema. "Mashine haikufaa ngozi yako, na mimi sikujua kuuliza. Hata nilipojua, sikukutafuta. Naomba nikupeleke kwa daktari wa ngozi."

"Pole yako nimeisikia," Naliaka akajibu. "Kusamehe bado sijafika. Lakini kwa daktari nitaenda, maana kuna kitu nimekiogopa sana. Watu wanasemanga mwanga huo unaletanga saratani."

Daktari wa Kisumu, mwanamke mpole asiye na haraka, alikikagua kidevu kwa kioo chenye taa, akabonyeza, akauliza, akaandika. Mwishowe aliweka kalamu chini.

"Hii si saratani. Ni kovu la kuungua. Mwanga wa leza hizi si kama wa eksirei. Madhara yake tunayoyaona ni ya joto. Weusi huu wa pembeni utafifia ukijikinga na jua. Kwenye mabaka meupe, sitakudanganya, huenda rangi isirudi yote."

"Na miaka ijayo?" Shamsia akauliza. "Wale wengine?"

"Utafiti uliopo haujaonyesha kwamba mwanga huu unaleta saratani. Lakini waliofuatiliwa kwa miaka mingi si wengi, na wenye ngozi kama yetu ni wachache zaidi. Kwa hiyo wafuatilie wateja wako. Jaribu kwanza sehemu ndogo, usubiri wiki kadhaa. Na doa jeusi usilolijua usiliguse, mtu aende kupimwa, maana ukilifuta juu unaweza kuficha ugonjwa ulio chini."

Maurine aliporudi, Shamsia alimsimulia yote, na kovu la Mwalimu pia, bila kutaja jina. Msichana alikubali kujaribiwa sehemu ndogo nyuma ya taya, kisha akaamua kungoja hadi baada ya harusi yake, asije akapigwa picha na baka.

Naliaka alianza kwenda shuleni bila kitambaa. Watoto walitazama siku mbili, ya tatu wakazoea. Msamaha hakuutamka, ila alimpigia Shamsia simu kuuliza kama wale wanne ambao simu zao zilikuwa zimekufa wamepatikana.

"Bado, Mwalimu."

"Basi watafute kwa miguu. Mimi ungenipigia miaka saba iliyopita, singejifunga kitambaa."

Jumamosi iliyofuata Shamsia alikuwa sokoni Khwisero, kadi ya mmoja wa wale wanne mkononi, akimwuliza mshonaji kama anamfahamu mama mmoja aitwaye Kemunto. Mshonaji alinyanyua macho kutoka kwenye cherehani na kumwelekeza kwenye kibanda cha tatu, cha mboga.