Kidole cha Tarishi

Ofisi nzima walimwita Posta, ingawa alikuwa tarishi tu, na posta yenyewe aliipita kwa dharau. "Wale wanachelewesha, mimi nafikisha," alizoea kusema, ameukumbatia mkoba wake wa ngozi kama mama aliyetoka leba. Mikataba yote ya kampuni ilipita kwapani mwake, kwenda kwa wateja na mawakili, na kurudi na saini mbichi. Na miaka yote hiyo hakuwahi kusoma hata mstari mmoja. Si kwamba hakujua kusoma. Gazeti alilimaliza mpaka matangazo ya vifo. Karatasi za watu tu ndizo alizozisusa. "Tarishi anayesoma," alisema, "ni mwizi ambaye bado hajakamatwa."

Asubuhi ile aliyesoma ni Karani, na alichokisoma kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Karani alikuwa binti wa kaka yake Posta. Kazi aliipata kwa mkono wa Posta, aliyebeba vyeti vyake mpaka mezani kwa Meneja na kusimama pale hadi vikapokelewa. Sasa Meneja huyo huyo alikuwa amemwita, akamwonyesha kwenye tableti barua fupi yenye jina la baba yake mdogo chini. Barua ilisema Posta anaomba mwenyewe kuacha kazi, kwa hiari yake, na kiinua mgongo hadai.

"Kuanzia leo mikataba inatumwa na kusainiwa mtandaoni," Meneja alisema. "Mkoba hauna kazi tena. Nikimfukuza, atadai. Akiomba mwenyewe, tunaagana kwa amani."

"Na asiposaini?"

"Wewe ndiye utakayemshikia tableti. Mtu mwingine angeulizwa maswali. Wewe hatakuuliza hata moja." Meneja akatabasamu. "Tuna makarani wawili hapa, si ndiyo? Mfumo huu unamhitaji mmoja."

Basi. Damu ni nzito kuliko maji, wanasema, lakini hakuna mwenye nyumba aliyewahi kupokea kodi ya damu.

Kabla ya chai watu wakakusanywa ukumbini. Meneja akatangaza kwamba mfumo mpya utazinduliwa na mtu aliyezibeba saini za kampuni kuliko yeyote. Makofi. Posta akasogea mbele, amevaa tai, kwa sababu jana yake aliambiwa apendeze. Tai yenyewe fupi, imeishia juu ya kitovu kama ulimi wa mbwa aliyekimbia.

"Leo bahasha imefungwa tai," Mhasibu akasema.

"Na wewe ungefungwa mdomo, tungekuwa tumependeza wote," Posta akamjibu, na watu wakacheka, naye akacheka kuwashinda.

Karani akamshikia tableti. Barua ilikuwa wazi juu ya kioo, maandishi makubwa kama ya bango.

"Ba'mdogo, soma kwanza," alisema, kwa sauti ndogo kuliko pumzi.

Posta akamtazama kama aliyetukanwa mbele ya wageni, kisha akawageukia watu. "Mnamsikia mwanangu? Nimembeba mgongoni huyu, leo ananituma nichungulie karatasi za bosi." Wakacheka tena. "Nionyeshe pa kuweka kidole, mama. Mengine yana wenyewe."

Maneno mawili tu yangetosha: ni yako. Yalikuwa tayari ulimini. Karani akainua macho, akamwona Meneja amekunja mikono, na anayetazamwa hakuwa Posta.

"Hapa," akasema. "Juu ya mstari."

Kidole kilikuwa kimekakamaa kwa gundi ya bahasha za miaka, kioo kikakikataa. "Hata mashine haimjui," Mhasibu akanong'ona kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. Karani akakishika kidole kile, akakipulizia pumzi mpaka kikapata joto, akakiongoza. Saini ikatoka imepinda kama mjusi aliyekanyagwa.

"Imeshafika?" Posta aliuliza.

"Imeshafika."

"Bila kugonga mlango wa mtu?" Alifurahi kikwelikweli. "Haya, sasa niambieni nimepeleka nini, na kwa nani."

Meneja akamwambia. Alimsomea barua yote kwa adabu, hakuruka neno. Mhasibu alianza kupiga makofi, akajikuta yuko peke yake, akajifanya anafukuza mbu.

Posta hakumtazama Meneja. "Ulijua, mwanangu?"

"Nilikwambia usome, ba'mdogo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la haki. Kisha akasema, "Haya, futa."

"Haifutiki, ba'mdogo. Nakala imeshafika kwa wakili."

"Wakili yuko ng'ambo ya mji. Mimi mwenyewe nikikimbia hunichukua asubuhi nzima." Akatoa leso, akailowesha mate kidogo, akaanza kuisugua saini yake juu ya kioo. Kila aliposugua, barua ilipanda na kushuka. Saini ilipotokomea juu, alishusha pumzi. Iliporudi, alikaza mkono. Kicheko kilianzia nyuma, kwa mtu mmoja aliyejaribu kukibana, kikaenea mpaka mbele.

"Mshikie vizuri," Meneja akamwambia Karani. "Ikianguka, ni mali ya kampuni hiyo."

Karani akaishika kwa mikono miwili.