Runinga Isiyoamkiwa

Usiku wa jana, aibu ya mkutano ikiwa bado inanichoma, niliota nimesimama sebuleni kwa Bi Zamda na runinga yake inanitazama. Ilikuwa imejitanda kile kitambaa chake cheupe cha kufuma, imekifunga chini ya kidevu. Sikujua kwamba runinga ina kidevu.

“Hakuna mawimbi,” ikasema.

“Nimechomeka waya,” nikasema.

“Umechomeka, Kondo. Hujaamkia.”

Nieleze kwanza yaliyotokea mchana, maana ndoto haikuanzia hewani. Mwekezaji amekizungushia ukuta kisima cha mtaa wetu, na anadai hakijawahi kuwa cha umma. Mimi nina picha za zamani za watu wakiteka maji pale. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejifundisha mwenyewe, ila kusahau sijajifunza: namkumbuka kila kiongozi aliyetuahidi bomba, na shati alilovaa siku hiyo. Picha zimo kwenye kompyuta yangu, ambayo kioo chake hakizidi sahani ya kachumbari, kwa hiyo Bi Zamda akatuazima runinga, ikabebwa hadi ukumbini ili mtaa mzima uone.

Haikuonyesha kitu. Nikachomoa, nikachomeka, nikazima, nikawasha. Watu wakaanza kucheka. Ndipo nikamgeukia Bi Zamda mbele ya wote, nikasema, “Runinga hii imehongwa, na mwenye nayo kahongwa.”

Bi Zamda akakunja kitambaa cha runinga, akaomba abebewe runinga, akaenda zake. Mwenyekiti akaahirisha mkutano hadi leo saa nne asubuhi. Picha zionekane, au hoja ya kisima ifungwe.

Basi, sebuleni. Waya unajinyoosha, unakohoa. Umevaa kanzu.

“Mimi ni mshenga,” unasema. “Kichwa kimoja nyumba hii, kichwa kingine nyumba ile. Mshenga habebi picha kabla ya salamu. Mkubwa anaamka kwanza, mdogo anafuata, anaamkia, anaitikiwa, ndipo mambo yanazungumzwa. Wewe jana uliiwasha kompyuta, na mkubwa, runinga, angali amefunikwa. Ulitaka nikaseme nini kule?”

Naigeukia kompyuta yangu. “Amkia.”

“Sisi hatuamkii,” inajibu. “Shikamoo ni neno la kitumwa. Ulisema mwenyewe pale sokoni, umesimama juu ya kreti la soda. Nimehifadhi.”

Kweli nilisema. Nilianza kwa kukataa kuwaamkia mabwana. Sijui ni siku gani nikaacha kuwaamkia na wasio mabwana.

“Chagua,” runinga inasema. “Kunakili kioo au kupanua kioo?”

Nachagua kunakili, kwa kuwa ndilo lililotajwa kwanza. Anatokea Kondo mwingine kando yangu, shati langu, ndevu zangu. Bi Zamda amekaa kwenye kochi, anachambua mchele. Kondo wa pili anamnyooshea kidole, anasema, “Kahongwa.” Mate yanaruka mpaka kwenye ungo.

“Sikusema hivyo,” namnong’oneza.

“Ulisema hivi hivi,” ananijibu. “Mimi ni nakala. Siwezi kuongeza chumvi hata nikitaka.”

Bi Zamda anautoa ule mchele uliorukiwa na mate, punje moja moja, anauweka pembeni.

“Panua,” naiomba runinga. “Panua haraka.”

Ukuta wa kulia unasogea. Sebule inakuwa ukumbi, ukumbi unakuwa uwanja, na kule mwisho kabisa naona kisima, hakina ukuta. Mtaa mzima umekaa kwenye viti vya plastiki, umegeukia kwangu. Kimshale cha kompyuta kinatembea hadi ukingoni, kinachungulia, kinavuka upande wa runinga. Hakikuniaga. Nakifuata, nagonga paji la uso kwenye kitu nisichokiona.

“Huvuki bila salamu,” anasema mshenga.

Naamua kuisema kimyakimya, mtu asisikie. Nafungua mdomo. Hakitoki kitu.

“Sauti imehamia kwenye runinga,” mshenga anaeleza. “Ukishachomeka, inahama. Ndiyo kanuni.”

Na runinga inatamka, kwa sauti yangu, imefunguliwa mpaka mwisho: “Shikamoo, Bi Zamda. Mimi ndiye niliyekutukana. Niliona watu wananicheka, nikatafuta wa kumtupia.”

Sikupanga kuyasema hayo ya mwisho. Nainyakua rimoti niipunguze. Imevaa ile nailoni yake ya dukani, vitufe havibonyezeki. Naanza kuichana.

“Usinivue mbele za watu,” rimoti inasema. “Wewe unajua inavyouma.”

Naiacha.

“Marahaba,” anasema Bi Zamda, bila kuinua macho kwenye ungo.

Picha inatokea. Ni kisima, nami mtoto, nimeshika ndoo, nimekunja uso kama anayedai haki. Mtaa unaguna. Lakini kingo za picha hazionekani.

“Runinga hii ina tabia ya kula kingo,” anasema mshenga. Anaikunja mikono ya kanzu, anaivuta picha iingie ndani kidogo kidogo. Kwenye ukingo wa kushoto unatokea mkono ulioshika kamba, kisha bega, kisha msichana mzima, ameinamia kisima, ananitekea.

Ni Bi Zamda.

“Wewe unayekumbuka mashati,” runinga inasema, safari hii kwa sauti yake yenyewe, taratibu.

Nikafungua mdomo niijibu, sauti haikuwa kwangu.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Kabla ya kunawa uso niliiwasha kompyuta, nikaikuta ile picha imefunguka yenyewe. Kwenye ukingo wa kushoto palikuwa na mkono tu, umeshika kamba. Picha hii nimeipigia kelele miaka yote, sijawahi kuuliza mkono ule ni wa nani. Nikataka kuikuza nione vizuri. Kimshale hakikuwapo. Nikakitafuta juu, chini, pembeni, nikaisugua kompyuta kama anayewasha moto. Hakuna.

Simu ikaita. Bi Zamda.

“Shikamoo,” nikasema kabla hajasema lolote.

Nikasikia mchele ukipepetwa kwenye ungo.

“Marahaba, Kondo. Kuna kitu chako hapa kwenye runinga yangu. Kimshale, kidogo tu, kimesimama pembeni. Na runinga yenyewe sijaichomeka popote.”

“Nakuja, Bi Zamda.”

“Njoo ukichukue, twende na runinga huko mkutanoni. Lakini ukifika piga hodi. Hiki chako kimepiga.”