Yowe kwa Sauti ya Tereza

Roboti aliletwa Bugwema na Getruda, binti wa Tereza anayefanya kazi Musoma mjini, baada ya wezi kumswagia mama yake ng'ombe wawili. Alitembea kwa magurudumu, kimo chake kiunoni. Alibeba ndoo, alikumbusha dawa za presha, alifungua geti. Kila sura mpya aliiulizia: "Mama, huyu ni mgeni au wa nyumbani?" Tereza alimpenda kupita kiasi, na tusimcheke. Upweke ni uvundo.

Akamfundisha hata yowe. Huko yowe si mchezo: likisikika, kila mwenye miguu hutoka na rungu, na asiyetoka huhesabiwa mwizi mwenzake.

"Ukionaga mtu humjui anafungua zizi, lia hivi," Tereza alimwambia, akalia yeye mwenyewe, na roboti akaihifadhi sauti.

Adhuhuri moja, akipalilia mihogo ng'ambo ya korongo, Tereza alisikia sauti yake ikilia kule nyumbani. Ng'ombe wangu! Hasira zikampanda. Akakimbia na jembe lake mkononi.

Majirani walikwisha kumwangusha mtu zizini, kifudifudi. Marungu yalishuka, mbavu zikaalika, damu ikachanganyika na samadi. Mtu yule alijaribu kusema neno, mdomo ukatoa meno.

"Mpisheni mwenye mali naye apige!" alisema jirani yake, Silasi.

Wakampisha. Tereza hakuuliza kitu. Aliinua jembe kwa mikono miwili akamshushia kisogoni, na mtu akatulia.

Silasi akamgeuza kwa mguu.

Alikuwa Magesa, kitinda mimba wake, aliyekwenda kuvua samaki kisiwani Rukuba miaka saba iliyopita bila kuacha hata picha. Mlangoni mwa zizi palikuwa na furushi la sato wakavu na ndoo ya maji. Alikuwa akiwanywesha ng'ombe, kama alivyozoea utotoni.

Tereza akapiga yowe. Safari hii hakuna aliyekuja mbio, maana wote walikuwa hapo, na mmoja mmoja walianza kuondoka wakificha marungu.

Roboti akaja taratibu, magurudumu yakipita kwenye damu. Akaitazama ile sura.

"Mama, huyu ni mgeni au wa nyumbani?"

Tereza alikuwa amekipakata kichwa cha mwanawe.

"Wa nyumbani," alisema.

"Asante, mama. Akija tena nitamfungulia."