Kioo cha Kumwenea Tusekile

Usiku wa jana niliota tableti tatu zimekaa kwenye benchi la gereji yetu, zimenyooka kama watu wanaosubiri daktari, na mimi ndiye nimeitwa kwenye usaili.

Mimi napiga rangi magari hapa Mbeya. Shule niliacha kidato cha pili. Nilichagua mwenyewe, hakuna aliyenifukuza, na toka siku hiyo kuchagua kitu kunanipa shida. Mdogo wangu Tusekile hasikii toka anazaliwa, anasoma shule ya bweni ya viziwi, mbali na huku. Jumapili asubuhi matroni anawapa simu yake waongee na nyumbani kwa video. Lakini simu yangu ni ndogo na kioo kimepasuka. Nikiuona uso siioni mikono, na yeye anaongea kwa mikono. Ndo nikamwahidi nitanunua tableti, kubwa, nimwone wote. Hela ninayo. Ahadi hiyo ina mwaka na nusu, na bado nalinganisha.

Basi, mwenyekiti wa usaili alikuwa tableti nyeusi.

"Jina?"

"Ambakisye."

"Betri?"

Nikasema sina uhakika, ila huwa naishiwa nguvu kwenye saa kumi jioni.

"Saa kumi," ikaiambia ya bluu, na ya bluu ikaandika. "Yule wa jana alifika mpaka saa mbili usiku. Ukianguka je?"

Nikasema nilishaanguka kwenye ngazi, nikapata kovu hapa kwenye nyusi, ila nafanya kazi.

"Kwa bei yako siyo mbaya," ikasema.

Ya tatu ilikuwa ya mtumba, ina mkwaruzo pembeni. Hiyo haikuuliza kitu. Ndani yake kulikuwa na picha za familia ya watu, wako kwenye kipaimara, wanalishana keki. Nikaiuliza hao ni akina nani.

"Wa zamani," ikasema. "Mimi nilishapendwa, braza. We endelea na hao."

Naangalia chini, sakafu siyo ya gereji tena. Ni marumaru. Tuko dukani kwa Shemsa, kule Mwanjelwa. Shemsa ni mtu wa kweli, nimemsumbua miezi yote hiyo, ananiita mzee wa bei. Kwenye ndoto amevaa utepe wa fundi cherehani shingoni. Ananiambia kioo kinapimwa kona kwa kona, lakini kwanza anapimwa mtu anayekaa ndani yake.

Tusekile amesimama juu ya kaunta, na sweta lake la shule. Shemsa anampima, kutoka kiatu cha kushoto mpaka ncha ya kidole cha kulia. Anapima tena. Anaukunja utepe polepole.

"Ulivyoanza kuniuliza alikuwa anaenea kwenye inchi nane. Ilipofika Pasaka, inchi kumi. Sasa hivi sina kioo chake, mzee wa bei."

Nikamwambia aagize. Akasema kioo anaweza kuagiza, ila Tusekile wa Pasaka hawaleti tena, hata Dubai hawana. Alisema kawaida tu, kama mtu anayekwambia chaja zimeisha.

Hapo akatokea mzee mmoja nyuma yangu, suti ya kaunda, kiti cha kukunja kwapani. Akanipa mkono, akasema yeye ndiye waranti, ile ya mwaka mmoja. Nikafurahi. Nikamwambia umekuja wakati mzuri, nanunua leo leo, kwa hiyo mwaka wako unaanza leo.

"Hapana, kijana. Nilianza siku ile ya kwanza uliyouliza bei. Nimekaa nyuma yako mwaka mzima pale gereji, wewe unasoma simu, mimi navuta rangi yako. Nimemaliza Jumanne."

Akakohoa. Kitambaa chake kikatoka na rangi ya fedha, ile tunayopiga Noah.

"Kitu chochote ambacho ungeharibu mwaka huo ningekutengenezea bure," akasema. "Hukuharibu kitu. Hukununua hata kifuniko."

Akachukua kiti chake akaondoka. Nikataka kumwita arudi, na kumbe mtu ametumikia mwaka mzima nyuma yangu na jina lake sijauliza.

Nageuka, kaunta imekuwa meza ndefu. Nyingine nyuma yake, nyingine tena. Ni bwalo la shule yao. Mchana, jua linaingia, wasichana kama sitini wanakula ugali na maharage, na hakuna sauti zaidi ya vijiko. Mkono mmoja unakula, mwingine unaongea. Ile ya mtumba imo mikononi mwangu, sikumbuki niliichukua saa ngapi.

Rafiki yake mmoja anamgusa bega Tusekile. Anamuuliza, hizo ishara nazijua: siku ya wazazi, kwenu anakuja nani?

Mimi nina jina langu kwake. Yeye hajawahi kuniita Ambakisye, atalisikia wapi? Toka mdogo ananiita kwa kupitisha kidole kwenye nyusi ya kushoto, palipo na kovu. Nikasogea nione akinitaja.

Hakugusa nyusi. Alifungua kiganja cha kushoto, akakiinamia, na kidole cha mkono wa kulia akawa anakipitisha juu yake, juu, juu, juu, hakitulii, kama mtu anayepandisha kurasa kwenye simu na hafiki mwisho. Meza nzima ikacheka. Wote walikuwa wanalijua. Yeye hakucheka. Akafunga kiganja, akaendelea kula.

"Hilo ni nini?" nikaiuliza ya mtumba.

"Jina lako."

"Jina langu ni hili." Nikagusa nyusi.

"Hilo ulikuwa nalo," ikasema, kwa upole kabisa. "Amelibadilisha mwaka jana, siku ya wazazi ulivyomtumia picha za tableti nne ukamuuliza ipi nzuri. Alikuwa ameshakuwekea kiti."

Nikaenda mbele yake. Nikagusa nyusi, mara moja, mara mbili, mara kumi. Hanioni. Nikanyoosha mkono nimshike, ukagonga kioo. Niko ndani ya kioo, nacho kimepasuka kuanzia kona ya juu, ufa ule ule wa simu yangu, unanipita shingoni.

Nikaamka.

Jumapili, kumekucha. Simu iko kwapani, ukurasa bado uko wazi, tableti mbili zimepangwa ubavu kwa ubavu. Nikaufunga. Nikapiga video shuleni.

Matroni wao, Mama Sanga, akapokea, akaiegemeza simu mezani mbele ya Tusekile. Nikauona uso. Sikumsalimia. Nilifungua kiganja cha kushoto, nikapitisha kidole juu yake, juu, juu, juu. Halafu nikajigusa kifuani, nikainua nyusi: ndo mimi?

Uso wake ukasimama.

Nyuma yake nikamsikia Mama Sanga anacheka kidogo, halafu anaacha. "Kaka yake Tusekile, hilo nani kakufundisha? Hilo ni la huku huku bwenini, hawalitumii mbele ya wageni."

Nilikuwa namwangalia mdogo wangu. Akavuta pumzi, akaanza kunijibu, kwa mikono yote miwili, maelezo marefu, nadhani ya mwaka na nusu mzima.

Kwenye simu yangu nikaona viwiko tu.