Pikipiki Iliyotoka Udongoni

Kabla Georgette hajakimbia mapigano yaliyoshuka kutoka milimani, juu ya Fizi, aliizika pikipiki ya marehemu mume wake katika shamba la muhogo. Usicheke. Upande ule watu wameshazika masufuria, cherehani, hata mabati ya nyumba, kwa sababu wenye bunduki wakipita, kila kinachoonekana ni chao. Georgette alipaka mawese kila mahali palipokuwa na buloni, zile bolti za chuma, akaifunga pikipiki kwa shitingi, lile turubai la plastiki, akaifukia, akapanda muhogo juu yake. Kisha akabeba watoto wake na kushuka hadi mji wa Baraka, kando ya ziwa.

Mvua zilinyesha, vita vikatulia, naye akarudi kuifukua. Wakubwa wa ukoo wa Isidore, mume wake, walikuwa wamekata neno siku ya kumaliza matanga, pikipiki ikiwa bado udongoni. Pikipiki ikitoka nzima, itabaki mkononi mwa Georgette. Atampa dereva wa kubeba abiria wa kwenda Misisi, na kwa mapato yake atalea watoto palepale Baraka. Ikitoka imekufa, basi ameshindwa kulinda kitu cha mume. Itakwenda kwa Déogratias, mdogo wa marehemu, na mjane atarudi kijijini kulima chini ya Déogratias huyohuyo, mtu ambaye hata salamu huitoa kama anakupa mkopo.

Ndiyo maana siku pikipiki ilipofikishwa kwa fundi Swedi, karibu na soko la Baraka, watu walijaa. Swedi ana maneno mengi kuliko vifaa, lakini kazi anaijua, tusimnyime haki yake. Kila mwenye kumletea chuma kilichooza humwambia jambo lilelile: buloni yenye kutu unainywesha mazuti, yaani dizeli, na mawese, unaiacha ilale, kesho unaigeuza taratibu. Asubuhi ile buloni karibu zote zilimtii, kwa kuwa mawese ya Georgette yalikuwa bado yamezishika. Za kiti zilitoka, za tangi zilitoka, za gurudumu zililia kidogo zikatoka. Georgette, aliyekaa juu ya kigoda na kitenge chake cha kazi, alikuwa ameanza kutabasamu.

Ikabaki moja, ile ya chini kabisa ya injini, ya kumwagia oili. Huwezi kuwasha injini na oili iliyokaa udongoni muda wote ule. Swedi alijaribu mara moja, buloni haikutikisika. Akaimwagia mazuti na kuweka chini ufunguo wa buloni.

"Hii inalala," alisema. "Kesho asubui itatoka."

Déogratias alikuwa amesimama kati ya watu, mikono nyuma. "Kesho, kesho," alisema. "Fundi, buloni moja tu inakushinda? Ama ile mikono iko ya kula ugali tu?"

Watu walicheka. Mwenye kuuza mkaa alicheka, wenye pikipiki walicheka, na mmoja akaongeza kwamba wamuite bibi yake Swedi aje kusaidia. Utani wa kawaida wa sokoni, wa kupitisha siku. Lakini Swedi ni mtu wa kuvimba kichwa, na kichwa kikishavimba masikio hayana kazi.

"Acha ilale, papa Swedi," Georgette alimsihi. "Mi nimengoja mvua yote. Kesho haiko mbali."

Swedi aliyasikia maneno hayo. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba aliyasikia. Alichukua bomba la chuma, akalichomeka kwenye mkono wa ufunguo ili apate nguvu zaidi, akaegemea kwa mwili wote. Kitu kililia, ta. Buloni ikageuka, oili nyeusi ikamwagika, na watu wakapiga makofi.

Swedi peke yake, akiwa amelala chali chini ya injini, ndiye aliyeona kilicholia. Tumbo la injini, ile karteri inayobeba oili, lilikuwa limepasuka. Ufa ulianzia kwenye tundu la buloni ukapanda juu, mrefu kama kidole, na ndani yake chuma kiling'aa, kipya, cheupe. Chuma kilichopasuka zamani haking'ai hivyo.

Alibaki chini ya injini muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka. Kisha akatoka, akajipangusa mikono, na uongo ukamtoka mdomoni bila kutafutwa.

"Karteri imepasuka," alisema. "Ni udongo. Maji iliingia, ikaikula."

Makofi yalikufa. Nani angebisha? Fundi amesema, na kila mtu alijua pikipiki ile imetoka ardhini. Déogratias alimgeukia mjane. "Unaona, shemeki. Kitu ya muntu haizikwe sawa mbegu."

Georgette hakulia. Alilishika tangi, akalipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge. "Basi ni mimi," alisema. "Nilifunga vibaya."

Swedi angeweza kusema palepale. Alikusanya vifaa vyake tu. Jioni, alipoinama kuswali, aliona ufa ule mbele ya macho. Nafsi ilimsuta hadi akaamua kufanya jambo ambalo aliliita msaada: alipiga tupa pande zote za ufa ili gundi ya chuma ishike, akajaza gundi, akalainisha, akapaka rangi nyeusi juu. Alitumaini haitavuja. Alipotia oili, ilivuja, tone baada ya tone.

Siku iliyofuata Georgette alikuja na sahani ya ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Alipita nayo katikati ya soko, kila mtu akiona.

"Nimekuja kukushukuru," alisema. "Ulisema ni udongo, hukusema niko mujinga. Mbele ya bantu bote wale, ulinistiri."

Swedi alipokea sahani. Angeiwekaje chini? Alikula huku mama yule akimtazama.

"Papa Swedi," Georgette aliuliza, "kama ningeifunga na shitingi mbili, ingepona?"

Alipaswa kusema hapana. Alipaswa kusema ilikuwa imepona. "Labda, mama," alijibu.

Baada ya misa ya Jumapili, ukoo wa Isidore ulikutana katika uwanja wa shangazi yake, Dorothée, ambaye neno lake hakuna anayelivuka. Pikipiki ilikuwa imeletwa. Georgette alikuja na kuku na kidumu cha mawese, vitu vya kuombea msamaha, akapiga magoti juu ya mkeka. Swedi alikuwa ameitwa kushuhudia kilichoiua pikipiki. Alimwona mama yule ameinamisha kichwa kwa kosa ambalo halikuwa lake, na hakuvumilia tena.

"Huyu mama hana kosa," alisema. "Pikipiki ilitoka udongoni nzima. Ni mi niliipasua na bomba. Mulikuwa munacheka, nikaona haya, nikadanganya."

Alihema. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile kifua chake kilikuwa chepesi, na mjinga yule akadhani amemaliza.

"Siku ile ulisema ni udongo," Déogratias alisema polepole. "Bote tulisikia."

"Nilisema uongo."

"Na leo tutajuaje? Tuonyeshe."

Swedi alipiga magoti kando ya injini. "Ufa ukiwa mupya unang'aa," alieleza. "Ulikuwa unang'aa." Akachukua bisibisi, akaibandua gundi kipande kwa kipande, jasho likimtoka. Chini ya gundi palikuwa na alama za tupa, zake mwenyewe, pande zote, na weusi wa rangi uliokuwa umeingia ndani. Hapakuwa na kitu cha kung'aa.

"Nani alikutuma kufunika?" Déogratias aliuliza.

"Hakuna muntu. Nilitaka kusaidia."

"Kusaidia nani?" Déogratias hakupandisha sauti. "Juzi alipita sokoni na sahani yako. Ulikula, anakuangalia. Leo unakuja kubeba kosa yake juu ya kichwa."

Watu wakaanza kutazamana. Shangazi Dorothée alimgeukia mjane wa mtoto wa kaka yake. Alimtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama asubuhi yote, hata alipoamini kwamba aliiharibu pikipiki.

"Georgette," alisema, "huyu mwanaume ni nani kwako?"

Swedi aliapa kwa Mungu. Aliapa tena, kwa watoto wake, na kila kiapo kilizidi kuharibu, kwa maana ni nani huapa hivyo kwa ajili ya mke wa watu? Georgette aliinuka kutoka mkekani. Alimtazama fundi, na hakukuwa na hasira usoni mwake, uchovu tu.

"Nilikuja kuomba musamaha ya pikipiki," alimwambia. "Sasa niombe ya nini?"

Nyuma ya Swedi, Déogratias alikuwa ameshaishika pikipiki, anaisukuma kuelekea nyumbani kwake.